Ramani ya Reli ya Kati: tulipofika

Ndugu zangu wanakikundi,

Ramani yetu ya kidijitali ya Reli ya Kati sasa imekamilika kutoka Dar es Salaam, ambako ujenzi ulianza mwaka 1905, hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Tarehe hizo zilipatikana upesi. Kilichotuchelewesha ni tahajia, kwa kuwa nyaraka za Kijerumani huandika Kilossa na Udjidji, na mtu aliyetafuta Kilosa au Ujiji hakupata chochote mpaka tulipoingiza tahajia zote mbili.

Linaloniuma zaidi ni picha. Maelezo ya zile tulizokusanya hutaja injini na madaraja, lakini waliobeba mataruma na kujaza tuta hawatajwi hata mmoja. Kwa hiyo naomba, kabla hatujaongeza picha nyingine yoyote, tuwarekodi kwanza wazee wa Morogoro, Dodoma na Tabora ambao babu zao walifanya kazi hiyo, kwa ridhaa yao na kwa lugha waipendayo, iwe Kiswahili, Kigogo au Kinyamwezi. Picha za familia zipigwe pande zote mbili na zitumwe kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida kwenye programu za ujumbe za simu hupungua ubora na maandishi ya nyuma hayasomeki.