Mchwa si sisimizi, ni mende

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe maelezo yaliyotolewa hivi karibuni katika makala kuhusu wadudu wasumbufu wa majumbani. Niliisoma makala hiyo kwa makini, kwa kuwa nilifundisha biolojia katika shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Iliwaeleza mchwa kuwa ni "sisimizi weupe", ikamtaja mende kana kwamba ni mdudu wa aina moja tu anayeishi jikoni na chooni, kisha ikahitimisha kwamba mende hana faida yoyote na anastahili kuangamizwa popote alipo. Ushauri wa usafi uliotolewa ni mzuri na sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni maelezo ya ukoo wa wadudu hawa, na ninaona ni wajibu kuyapinga mapema, kwa sababu mwanafunzi akisoma jambo gazetini hulishika na ni vigumu mno kumtoa nalo.

Nianze na mchwa. Sisimizi ni jamaa wa nyuki na nyigu, naye hupitia hatua nne katika maisha yake: yai, buu lisilo na miguu, pupa, na hatimaye mdudu kamili ambaye hafanani hata kidogo na buu alilotokana nalo. Mchwa hana hatua ya pupa. Katika yai lake hutoka tunutu mwenye miguu sita, aliyefanana na wakubwa wake tangu siku ya kwanza, na hukua kwa kujivua gamba mara kadhaa, sawasawa na anavyokua mtoto wa mende. Kiuno cha sisimizi ni chembamba kama kilichofungwa uzi, ilhali mwili wa mchwa ni mpana tangu kifuani hadi tumboni; vipapasio vya sisimizi vimepinda kama kiwiko, na vya mchwa vimenyooka kama uzi wa shanga. Anayetaka ushahidi wa macho yake mwenyewe asubiri mvua za kwanza, kumbikumbi wanapojaa kwenye taa za baraza, aokote mmoja na kumtazama. Mabawa yake yote manne yana urefu sawa, wakati sisimizi mwenye mabawa, ambaye naye mara nyingi huruka nyakati hizo za mvua, ana mabawa ya mbele yaliyo marefu kuliko ya nyuma.

Tofauti kubwa zaidi imo ndani ya kichuguu. Dume la sisimizi hufa muda mfupi baada ya kujamiiana, na wafanyakazi wote wa kundi ni majike. Mchwa wana mfalme, ambaye hukaa na malkia wake katika chumba kimoja kwa miaka mingi, na wafanyakazi wa vichuguu vyetu vikubwa ni wa kike na wa kiume pamoja. Jamii hizi mbili zimejifunza kuishi kwa umoja kila moja kwa njia yake, zikitokea koo zilizo mbali kabisa. Jina la "sisimizi weupe" ni tafsiri ya jina la Kiingereza, na sioni kwa nini tulikope kosa wakati lugha yetu ina neno mchwa, ina neno kumbikumbi kwa wale wenye mabawa, na ina neno kichuguu kwa makao yao.

Sasa, ikiwa mchwa si sisimizi, ni nani? Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka katika oda yao wenyewe, yaani kundi kubwa la wadudu wa ukoo mmoja, iliyoitwa Isoptera, na mimi nilifundisha hivyo kwa sababu ndivyo vitabu vilivyosema. Hata hivyo, dalili za ukweli zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1934 mtafiti wa Marekani, L. R. Cleveland, alichapisha pamoja na wenzake uchunguzi wa mende wa jenasi (kikundi cha aina zilizo karibu) ya Cryptocercus, mdudu asiye na mabawa anayeishi ndani ya magogo yanayooza katika misitu ya milima ya Amerika Kaskazini. Tumboni mwa mende huyo walikuta protozoa, yaani vijidudu vya seli moja, wanaomeng'enya ubao, walio jamaa wa protozoa wanaoishi katika matumbo ya mchwa wa aina nyingi. Mtoto wa mende huyu huzaliwa bila protozoa hao, naye huwapata kwa kulishwa majimaji yatokayo katika njia ya haja ya wazazi wake. Kwa hiyo baba, mama na watoto hukaa katika gogo moja kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mtoto akitengana nao mapema hatakuwa na uwezo wa kukila chakula kinachomzunguka. Ninapotafakari mpango huo wa maisha naona wazi jinsi familia ya mende ndani ya gogo ilivyoweza, kwa mamilioni ya miaka, kuwa taifa zima ndani ya kichuguu.

Uthibitisho wa vinasaba ulikuja baadaye. Mwaka 2007 watafiti wa jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe la London walilinganisha vinasaba vya aina nyingi za mende, mchwa na vunjajungu, wakaona kwamba mchwa wanaangukia katikati ya mende, jirani kabisa na Cryptocercus, wakapendekeza oda ya Isoptera ifutwe. Leo mchwa wamo katika oda ya mende, Blattodea. Huko Australia yupo mchwa, Mastotermes darwiniensis, ambaye bado hutaga mayai yake yakiwa yameshikamana kama yalivyo ya mende, na katika mwili wake mna bakteria wa aina ile ile wanaobebwa na karibu mende wote. Kwa hiyo wenzetu wa magharibi mwa Kenya na wa Uganda wanaopenda kumbikumbi, kama ninavyowapenda mimi, wanakula jamaa ya mende, na hakuna sababu ya kulionea haya jambo hilo.

Ndugu wa karibu anayefuata ni vunjajungu, yule mdudu anayekunja mikono yake mbele kama aombaye dua, ambaye tulipokuwa watoto tulikatazwa kumgusa tusije tukavunja chungu. Zipo aina zake zipatazo 2,400. Yeye ni mwindaji na mende ni mla makombo, lakini wote wawili huyafungia mayai yao katika kifuko: cha vunjajungu hutengenezwa kwa povu linalokauka na kugandama kwenye kijiti au ukutani, na cha mende ni kigumu cha kahawia. Hapa pia makala iliteleza, iliposema kwamba mende wamekuwapo bila kubadilika kwa zaidi ya miaka milioni 300. Wadudu wa visukuku wa enzi hiyo walifanana na mende kwa umbo, lakini majike yao yalikuwa na mrija mrefu wa kutagia uliochomoza nje, ambao mende wa leo hana. Ni wazee wa ukoo mzima, waliomzaa mende na waliomzaa vunjajungu.

Tukija kwa mende wenyewe, majina yetu yametubana. Kombamwiko ni jina zuri, limetokana na mdudu anayekomba mwiko ulioachwa bila kuoshwa, na aliyelitunga alikuwa mtu wa kutazama mambo kwa makini. Ila linatufanya tuamini kwamba maisha ya mende ni jikoni. Aina za mende zinazojulikana, ukiwaacha mchwa, ni takriban 4,600, na zinazoishi karibu na binadamu ni kama 30 tu, yaani haifiki moja katika kila mia. Waliosalia wamo misituni, mapangoni, chini ya magome na katika majani makavu. Kisiwani Madagaska, jirani yetu, yupo mende mkubwa asiye na mabawa anayetoa sauti ya kufoka kwa kusukuma hewa katika matundu ya kupumulia ya tumboni. Queensland, Australia, yupo anayefikia uzito wa gramu 35, huchimba handaki ardhini, hula majani makavu ya mikalitusi na hulea watoto wake humo humo. Visiwani Hawaii yupo anayezaa watoto walio hai baada ya kuwalisha tumboni kwa majimaji yenye protini nyingi, mfano wa maziwa. Katika bara la Amerika wapo wadogo wasiofika nusu sentimita, wanaoishi ndani ya viota vya sisimizi wakata majani na kusafiri wakiwa wamewapanda migongoni.

Naomba msomaji asidhani kwamba elimu hii ni pambo. Hata wale mende wachache wa majumbani wanatofautiana, na asiyewatofautisha hupoteza fedha na kuvuta sumu bure. Mende mkubwa wa rangi ya kahawia yenye wekundu, anayekaribia sentimita nne, huitwa mende wa Marekani ingawa asili yake ni Afrika, na alifika Marekani kwa meli. Makao yake ni mifereji ya maji taka, mashimo ya vyoo na makaro, na kwake yeye mfuniko mzima wa karo una nguvu kuliko chupa kumi za dawa. Jike lake huacha kifuko chenye mayai kama 15 mahali pa siri, mfano wa punje ndogo ya maharage, na anayefagia stoo yake vizuri atakiona. Yule mdogo wa jikoni, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huitwa mende wa Ujerumani, lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba alitokea Asia ya Kusini kiasi cha miaka 2,100 iliyopita, akafika Mashariki ya Kati kiasi cha miaka 1,200 iliyopita kabla ya kuingia Ulaya. Jike lake hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na huingia nyumbani mwetu ndani ya maboksi na majokofu ya mitumba, kwa hiyo ni heri kuvikagua vitu hivyo mlangoni. Mwaka 2013 watafiti walieleza jinsi baadhi ya mende hawa walivyobadilika hata wakaionja glukosi kuwa chungu, wakakwepa chambo chenye sumu kilichotiwa sukari hiyo. Wa tatu, mdogo mwenye mikanda hafifu, asili yake pia ni Afrika. Hupenda pakavu na juu, nyuma ya picha za ukutani na ndani ya redio, na kumtafuta chini ya sinki ni kazi ya bure.

Sikatai kwamba mende wa majumbani hubeba vijidudu vya maradhi na kwamba vumbi la magamba na vinyesi vyao huwasumbua wenye pumu. Nimewahi kumwona mwanafunzi wangu akishindwa kupumua katika bweni lililojaa mende, na sitasahau. Lakini kusema kwamba ukoo mzima hauna faida ni kuwasahau wale maelfu wanaogeuza majani makavu na magogo kuwa udongo wenye rutuba. Ni kuwasahau pia mchwa wa vichuguu vikubwa, ambao hulima ukungu ndani ya makao yao na kuula, ukungu ule ule unaochipua uyoga mtamu juu ya vichuguu wakati wa masika, tunaouchuma na kuupika kwa nazi.

Ninaomba, ndugu Mhariri, uchapishe masahihisho kuhusu mchwa mahali pale pale ilipochapishwa makala, na pakiwa na nafasi uweke picha tatu zikiwa bega kwa bega: kumbikumbi, sisimizi mwenye mabawa na mende. Ninawaomba pia walimu wenzangu ambao bado wako darasani wasisubiri vitabu vipya. Mvua zikianza, wawatume wanafunzi wakaokote kumbikumbi asubuhi chini ya taa, wahesabu na kupima mabawa wao wenyewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Muheza, Tanga