Seleni si kinga ya mishipa kwa kila mtu

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu madai kwamba vidonge vya madini ya seleni huzuia maradhi ya mishipa ya damu. Ni kweli mwili hutumia madini haya kutengeneza vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini) vinavyolinda kuta za mishipa, na upungufu wake ulihusishwa na ugonjwa wa moyo wa Keshan nchini China. Lakini kuziba upungufu ni jambo moja, kujilimbikizia ni jingine kabisa. Majaribio kwa watu wenye seleni ya kutosha hayakuonyesha kuwa vidonge hupunguza maradhi hayo.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku. Akizidisha kwa muda mrefu, nywele zaweza kunyonyoka na kucha kukatika. Inauma kufikiria mgonjwa anayeacha dawa za shinikizo la damu akitegemea kidonge hiki. Naomba mamlaka za afya zilazimishe onyo kuhusu hatari hizi liandikwe kwenye kila chupa ya vidonge hivi.