Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Kwanza Bila Ukumbi

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mahesabu atayasoma mweka hazina mwenyewe, na katibu anayo orodha ya waliolipa ada na ya wanaoendelea kuahidi. Mimi nitajibu swali moja tu, maana ndilo nililoulizwa mwaka mzima, misikitini, makanisani na hata kwenye foleni ya benki: kwa nini chama cha Waswahili hapa Leicester kinakutana baa?

Mnakumbuka kodi ya ukumbi ilivyopanda, na tulivyokubaliana kuuacha. Hatukukubaliana tuende wapi. Kwa haraka nikachukua chumba cha nyuma cha baa moja ya mtaani. Jioni za katikati ya wiki mwenyewe hukitoa bure, mradi watu wanunue chochote. Nilituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp saa tisa, kikao kikiwa saa moja usiku. Wazee wawili walifika mlangoni, wakasoma kibao, wakageuza. Kosa lilikuwa langu. Nimewafuata nyumbani kuomba radhi, na ninalitaja hapa ili liingie kwenye kumbukumbu.

Tangu hapo tunapokezana: mwezi mmoja baa, mwezi unaofuata nyumba ya chakula isiyouza kileo. Mwenye sababu ya dini hakosi zaidi ya nusu ya vikao, wala haulizwi. Kwa wengine nasema hivi: baa ya hapa siyo ile mnayoifikiria. Hakuna mhudumu wa kukusimamia kichwani. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unarudi kukaa hata saa tatu na kikombe kimoja cha chai. Watoto mchana wanaruhusiwa, mbwa ndio usiseme. The Globe, pale Silver Street, ipo tangu 1720. Wakati huo Wareno walikuwa bado wana safari moja ya kurudi Mombasa kabla ya kufukuzwa kabisa. Na msisahau kwamba mpaka Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya 1965, mwenye baa aliweza kumkatalia mtu kinywaji kwa sababu ya ngozi yake, na asiguswe na sheria. Wapo wazee wa mji huu wanaoyakumbuka hayo vizuri kuliko mimi.

Kilichotushinda ni raundi. Mwenyeji anainuka, anauliza meza nzima mnakunywa nini, analeta. Ukishapokea, deni ni lako, na zamu yako itafika. Ndugu zetu wa soda ya limau walijikuta wamekunywa glasi moja na kulipia painti tano za watu wengine, na painti moja ni mililita 568, siyo mchezo. Kamati ikaamua kila mtu na chake. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa mifuko yetu, lakini mimi binafsi ulinisikitisha. Raundi ndiyo njia ya Mwingereza ya kukukaribisha bila kulazimika kulitamka neno lenyewe.

Nije kwenye Jumanne ya chemsha bongo, kwa kuwa imeshasimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Ni kweli tulishika nafasi ya pili kutoka mwisho. Maswali mengi yalihusu vipindi vya televisheni vya miaka ya 1970, na sisi wengine miaka hiyo hata umeme hatukuwa nao. Lakini palitoka swali hili: jibini ya Red Leicester, ile yenye rangi ya chungwa, rangi yake inatoka wapi? Wenyeji wa mkoa wenyewe wakakuna vichwa. Kijana wetu mmoja anayefanya kazi kwenye kaunta ya jibini alilijua jina la Kiingereza, annatto, akaliandika. Baadaye mwendeshaji akatuonyesha picha ya tunda lenyewe: jekundu, lenye miiba laini. Bibi yetu wa Unguja, ambaye usiku kucha alikuwa akifuma, akainua macho na kusema hiyo si ndiyo zingefuri, mbona tulikuwa tukijipaka midomoni? Baa nzima ikataka kujua zaidi. Mti wenyewe asili yake ni Amerika, lakini nani atathubutu kumwambia hivyo mtu wa Unguja? Tangu siku ile anasalimiwa kwa jina akiingia, na chai yake hailipiwi.

Tahadhari moja kwa wanaoagiza chakula: pai ya Melton Mowbray ni ya nyama ya nguruwe, hata ikiandikwa "pai" tu. Ulizeni kwanza.

Miezi ya nyumba za chakula ilitupeleka zaidi Belgrave Road, barabara ya maduka ya Wahindi. Vijana wengi hawakuijua historia yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Halmashauri ya jiji hili ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Wakaja. Leo taa za Diwali za barabara hiyohiyo, zinazowashwa tangu 1983, ndizo jiji linazojivunia mbele ya wageni. Kwenye orodha ya vyakula utakuta "mogo", yaani mhogo uliodondosha herufi njiani, na "kuku paka", kuku wa nazi. Wazee wao bado wanasema fagio, sufuria na jugu ndani ya Kigujarati chao. Muuza mboga mmoja, mzaliwa wa Jinja, alituambia kwa Kiswahili chake cha dukani tusiokote mhogo wa juu. Mhogo unaoletwa huku hupakwa nta ili uvumilie safari, kwa hiyo ganda halikuambii kitu. Mwombe auvunje ncha: ukiwa mweupe, chukua, ukiona mistari myeusi, rudisha.

Dagaa na unga wa sembe tunapata Narborough Road. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha LSE walikuta huko wenye maduka kutoka nchi zaidi ya 20. Soko la katikati ya mji, lenye umri wa zaidi ya miaka 700, sikulipenda tena tangu wauzaji wahamishiwe Green Dragon Square, lakini hayo ni maoni ya mwenyekiti, siyo ya chama.

Habari mbaya ni kwamba baa ya pili tuliyoizoea ilifungwa. Tumetia saini pamoja na majirani ombi la kuiorodhesha kuwa mali yenye thamani kwa jamii, chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 2011 iitwayo Localism Act. Ikikubaliwa, mmiliki akitaka kuuza, kikundi cha wakazi kina wiki sita za kusema kinaitaka, na kikisema, kinapata muda wa kutafuta fedha hadi itimie miezi sita tangu taarifa ya kuuza ilipotolewa. Sheria haimlazimishi kutuuzia. Waliouliza kama chama kitanunua baa: hapana, akiba yetu haitoshi hata kununua milango yake.

Uchaguzi ni leo baada ya chakula. Mimi nagombea tena, ila sitalia nikishindwa. La mwisho: sufuria mbili kubwa za chama hazijarudi tangu sikukuu ya Idi. Aliye nazo anajijua, na mimi pia namjua.

Mwenyekiti