Msiwamwagie mabuu mafuta ya taa kabla ya kuwachukua

Mhariri,

Mzoga ukionekana huku kwetu, uwe wa punda kando ya barabara ya Ganda au wa kasa aliyebakishwa gamba ufukweni Mambrui, kinachotafutwa kwanza ni mafuta ya taa. Humwagwa, kiberiti hupigwa, harufu ikipoa watu hurudi makwao. Kwa afya ya mtaa hatuna neno. Lakini palipo na shaka kwamba mnyama aliibwa, aliwindwa au alitiliwa sumu, hapo mmechoma shahidi wa siku aliyokufa. Shahidi mwenyewe ni mabuu, wale ambao wengi wetu huwaita funza.

Nzi wa kijani na wa buluu wenye mng'ao huufikia mzoga wa mchana baada ya dakika au saa chache, wakataga machoni, puani, mdomoni, kwenye njia ya haja na penye jeraha. Kwa joto la Malindi mayai kwa kawaida huanguliwa kabla siku haijatimia. Buu hupitia hatua tatu, akijivua ngozi mara mbili. Mgeuze umtazame mkiani kwa kioo cha kukuzia: kuna madoa mawili anayopumulia, na kila doa lina ufa mmoja katika hatua ya kwanza, miwili katika ya pili, mitatu katika ya tatu. Akishiba huuacha mzoga, hutambaa na kujichimbia mchangani, akawa pupa, yaani buu aliyejifunga gandani akigeuka nzi, wa kahawia kama punje ya wali iliyoungua. Tangu yai hadi nzi kuruka ni karibu wiki moja na nusu, kutegemea aina na joto.

Hilo joto ndilo saa yenyewe. Tuseme aina fulani haikui chini ya nyuzi 10. Penye wastani wa nyuzi 28, kila saa inampa buu nyuzi 18, yaani 432 kwa siku. Akihitaji 1,296 kufika kimo alichokutwa nacho, basi ana siku 3. Chini ya mkorosho wenye kivuli kizito, wastani ukiwa nyuzi 25, anapata 360 kwa siku, na kimo kile kile kitamchukua siku 3.6. Tofauti ni zaidi ya saa 14, na pengine ndizo hizo mshukiwa anazosema alikuwa Mombasa. Kwa hiyo joto linalopimwa na kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege peke yake halitoshi. Kipimajoto kiachwe pale pale kivulini siku 3 hadi 5, kisha kilinganishwe na takwimu za kituo hicho ili zile siku zilizopita zirekebishwe. Pima pia katikati ya kundi la mabuu, maana wakiwa wengi hutoa joto lao wenyewe, likaizidi hewa kwa nyuzi 10 au hata zaidi.

Na haya si ya vitabuni tu. Huko Scotland mwaka 1935, katika kesi ya Buck Ruxton, daktari aliyemuua mkewe na yaya wao, umri wa mabuu ulikadiriwa kuwa siku 12 hadi 14, na makadirio hayo yakasaidia kujua viungo vya maiti vilitupwa lini.

Hata hivyo, wadudu hawataji saa ya kufa. Wanataja muda mfupi kabisa ambao mzoga umekuwa wazi kwa nzi, basi. Aliyekufa saa mbili usiku huenda asiguswe mpaka alfajiri. Aliyefungwa ndani ya turubai huchelewa kufikiwa, na aliyeelea baharini saa yake huanza maji yakimtupa pwani. Kuna pia nzi wa kijivu mwenye mistari mgongoni ambaye hatagi mayai, huzaa mabuu hai. Ukimhesabia muda wa yai umeongeza karibu siku nzima isiyokuwepo. Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yetu, ni buu mwenye vijinyama kama miiba mwili mzima. Huyu huwala mabuu wenzake, na mara nyingi wanaoliwa ndio waliotangulia kufika. Ukimkuta peke yake usiseme mzoga ni wa juzi. Fukua mchanga utafute pupa wa waliomtangulia.

Punda ana lake. Mwenye kidonda cha mgongo kwa kubeba mizigo anaweza kuwa na mabuu akiwa hai, hivyo mabuu wa kidondani wawekwe chupa yao, wasichanganywe na wa machoni. Sisimizi waitwao maji moto nao hubeba mayai na kuchubua ngozi, wakaacha alama ambazo asiyejua huandika kuwa ni za kipigo. Ngozi ikishakauka nzi huondoka, inakuwa zamu ya wadudu wa gamba gumu: yule mweusi anayeharibu ng'onda na papa mkavu, na yule wa buluu mwenye miguu myekundu anayekula mbata.

Ukusanyaji unachukua kama nusu saa. Piga picha kwanza. Chukua mabuu 50 hivi kutoka kila sehemu ya mzoga, wakubwa kabisa wasikosekane, kwa kijiko au koleo laini. Nusu yao watie kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 30, kisha uwahamishe kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Ukiwatia kwenye spiriti wakiwa hai hujikunyata na kuwa weusi, urefu ukapungua, na mpimaji atawapa umri mdogo kuliko walio nao. Nusu nyingine waache hai ndani ya chupa yenye mchanga mbichi kidogo na kipande cha ini, mdomo ukifungwa kwa kitambaa, si kifuniko. Hao hufugwa mpaka wawe nzi, maana aina hutambulika kwa urahisi zaidi kwa nzi mzima. Kisha chimba sentimita 10 kuuzunguka mzoga, mita 2 au 3 kila upande, na uinue makuti yaliyo karibu. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye spiriti.

Maiti ya mtu nayo ni hivyo hivyo, ila kazi hiyo ni ya polisi na daktari. Wahudumu wa mochari tunawaomba jambo moja: msiuoshe mwili kabla mabuu hawajachukuliwa, na mwandike saa mwili ulipoingia kwenye friji. Baridi huwapunguza mwendo, lakini kundi kubwa huendelea kula kwa joto lake.

Wataalamu wa kuwatambua wadudu tunao nchini, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na Makavazi ya Kitaifa kule Nairobi. Kinachokosekana ni chupa zenyewe kufika huko. Askari wa wanyamapori, machifu na vituo vya polisi wa eneo hili wapewe kila mmoja kisanduku: chupa kumi, spiriti, chupa ya chai ya maji moto, kipimajoto na penseli. Na kama dawa ya wadudu imeshapulizwa, bado chukueni waliokufa, muandike jina la dawa na saa ilipopulizwa. Hao hawafugiki tena, lakini aina yao bado inaweza kutambuliwa.

Wafuatiliaji wa wadudu,
Malindi