Mita inasoma mrad/h, fomu inataka µGy/h: jinsi ya kubadilisha bila kukosea

Mita za mionzi zinazoletwa dukani kwetu hapa Mtwara hazitoki nchi moja. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi husoma mrad/h (milirad kwa saa) au mR/h (milirontgen kwa saa), na za Ulaya husoma µGy/h (mikrogray kwa saa) au µSv/h (mikrosievert kwa saa; sievert hupima athari ya mionzi mwilini). Mkandarasi anayepiga picha maungio ya bomba la gesi kwa iridiamu-192 (chanzo cha mionzi ya gama), tuseme upande wa Madimba au Msimbati, anaweza kuwa na za aina zote mbili kwenye gari moja, huku fomu anayotakiwa kujaza ina safu ya kipimo kimoja tu. Hapo ndipo tunapopigiwa simu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gray moja (Gy) ni jouli moja ya nishati ya mionzi iliyofyonzwa na kilo moja ya kitu, kiwe nyama, maji au chuma. Rad ni kipimo cha zamani zaidi, na rad 100 ni sawa na gray 1. Ukishuka ngazi, mrad 1 inakuwa µGy 10. Basi mrad/h zidisha kwa 10 upate µGy/h, na ukirudi nyuma gawanya kwa 10. Mshale ukisimama kwenye 0.75 na swichi ya kuzidishia iko ×1, una 0.75 mrad/h, yaani 7.5 µGy/h. Swichi ikiwa ×10, mshale uleule unamaanisha 75 µGy/h. Tazama swichi kwanza, ndipo usome mshale.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni herufi moja ndogo. Mikro (µ) ni sehemu ya milioni, mili (m) ni sehemu ya elfu, na kati yake kuna tofauti ya mara 1,000. Kwenye ripoti zilizochapwa kwa kompyuta, baadhi ya watu huandika µ kwa fonti iitwayo Symbol, ambamo ukibonyeza m inaonekana µ. Maandishi hayo yakinakiliwa kwenye faili jingine lenye fonti tofauti, µ inarudi kuwa m bila mtu kuonywa. Eneo lililopimwa 7.5 µGy/h linasomeka 7.5 mGy/h, na kazi inasimamishwa bure. Kosa likienda upande wa pili ni baya zaidi, maana watu watasimama mahali wasipotakiwa kusimama. Ushauri wetu: kama huna uhakika na alama, andika kwa maneno, "mikrogray kwa saa". Nafasi kwenye fomu itatosha.

Muda nao una mitego yake. Mashine za hospitali za kutazama mwili kwa eksirei mfululizo huonyesha mGy kwa dakika, na 0.5 mGy/min ni 30 mGy/h. Ukikutana na Gy kwa sekunde, zidisha kwa 3,600. Kwa mwaka mzima zidisha kwa saa 8,760, lakini kwa mfanyakazi usifanye hivyo, kwa sababu hakai kazini usiku na mchana. Kadirio linalotumika sana ni saa 2,000 za kazi kwa mwaka. Ndiyo maana tunawaomba mafundi waikumbuke namba hii: 1 mrad/h ya gama, kwa saa 2,000, inafika milisievert 20, ambayo ndiyo wastani wa juu wa kimataifa kwa mwaka kwa mfanyakazi wa mionzi. Kwa mwananchi wa kawaida ni milisievert 1 tu. Anayeuza chakula nje ya uzio wa kazi anahesabiwa kwa namba hii ya pili.

Mita za mR/h zinapima rontgen, yaani mionzi inavyochaji hewa, na rontgen 1 hewani ni karibu mGy 8.8. Wengi huihesabu kama rad 1, yaani mGy 10. Kwa ulinzi wa kila siku tunaikubali, kwa kuwa inazidisha kidogo badala ya kupunguza.

Kutoka gray kwenda sievert kunahitaji kujua ni mionzi gani. Kwa gama na eksirei namba haibadiliki: 7.5 µGy/h ni 7.5 µSv/h. Kwa nyutroni hali ni nyingine. Mashine za kupimia msongamano na unyevu wa tabaka za barabara mara nyingi hubeba seziamu-137 pamoja na chanzo cha amerisiamu na beriliamu, ambacho hutoa nyutroni, na gray moja ya nyutroni inaweza kuwa sievert kadhaa, hadi karibu 20 kulingana na nishati yake. Mita ya gama haizioni nyutroni hizo vizuri, na hakuna kuzidisha kutakakoirekebisha. Hapo unahitaji mita ya nyutroni.

Ukituletea mita tunakagua betri, kebo na swichi, tunabandika ubavuni jedwali la kubadilisha linalolingana na uso wake, na tunaandika upya safu za ripoti yako kwa kipimo unachotakiwa kutoa. Cheti cha usahihi wa mita hatutoi. Hicho hutoka maabara inayotambuliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na leseni pia ni yao. Njoo na cheti cha mwisho na fomu unayojaza. Chanzo chenyewe cha mionzi usije nacho dukani.