Kujenga daraja isiwe kuchafua mto

Mhariri,

Sisi watu wa Nyando hatukatai daraja mpya, tumeiomba kitambo, lakini huu mto kuna watu wanaukunywa huko chini na maji yote yanaishia Ghuba ya Winam kule Ziwa Victoria, sasa mbona kontrakta anaachilia maji ya kuoshea mashine ya simiti yaingie mtoni hivi hivi? Juzi nimeona na macho yangu, maji ya kijivu yanateremka ukingoni na akina mama wanachota hapo mbele tu na mitungi. Simiti mbichi si mchanga jamani, inafanya maji yawe makali kama magadi, samaki anaungua matamvua. Na vipande vya daraja ya zamani vikiangukia ndani vinatibua tope yote.

Wachimbe shimo la kuoshea mashine walitandike nailoni, waweke kizuizi cha tope, na kazi ya ndani ya maji wafanye kiangazi, si masika ya Machi hadi Mei. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao waje wapime maji juu ya daraja na chini yake, majibu yabandikwe kwa chifu tuyasome wenyewe.

Mkazi wa Nyando,
Kisumu