Banda la farasi kabla ya mvua: tunaomba mkono wenu

Ndugu na dada wa parokia, majirani wa komini za Katuba na Kenya, na ninyi watoto wa Lubumbashi mliotawanyika Kolwezi, Kinshasa hata Ulaya,

Kuna mama mmoja katika kikundi chetu, muuza makala, ambaye kwa miaka miwili kila ukimsalimia alijibu: "Niko muzuri." Alikimbia vita huko kaskazini na watoto wanne, akafika huku na watatu. Tulimwombea, tulimletea unga, tulimtafutia nyumba ya kupanga. Juu ya yule wa nne hakusema neno, na sisi kwa kuogopa kumtonesha kidonda hatukuuliza.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano tulimpeleka pamoja na wenzake kwenye shamba lililo nje ya mji, njia ya Kipushi. Mwenye shamba ana farasi watatu na ametukubalia tuwe nao kila Jumamosi bila kulipa. Mama aliingia uani akicheka, kama kawaida yake, mkono ameunyoosha. Farasi jike wa kahawia akainua kichwa, akalaza masikio nyuma, akarudi hatua mbili. Mama akamfuata, farasi akageuka kabisa. Mwanasaikolojia wetu hakumwambia kwamba farasi anajua siri za watu. Alimuuliza tu: "Mama, sasa hivi mwili wako unasikia nini?" Mama akaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Alisimama pale muda mrefu, kicheko kimemwisha, kisha akalia kwa sauti mbele yetu sote. Hakuna aliyemkimbilia, tulikuwa tumeagizwa tungoje. Alipotulia, farasi akaja mwenyewe polepole, akashusha kichwa hadi usawa wa kifua chake, akawa anatafunatafuna mdomo mtupu. Siku ile, kwenye basi la kurudi, mama alilitaja jina la mtoto wake.

Tangu hapo nimejifunza mengi kuhusu mnyama huyu. Farasi ni wa kuwindwa, si wa kuwinda. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, na kila sikio linazunguka kivyake. Tangu zamani amepona kwa kujua mapema kama aliye karibu naye ametulia au ana mashaka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kwamba farasi walioonyeshwa picha ya uso wenye hasira waliuangalia zaidi kwa jicho la kushoto, na mapigo ya moyo wao yakapanda haraka kuliko walipoonyeshwa uso wa furaha. Hiyo ni picha tu, ya mtu wasiyemjua! Basi mtu aliyezoea kuficha hukutana hapo na kiumbe asiyesikiliza maneno, anayeangalia mabega, pumzi na ngumi zilizokunjwa. Wala hamlaumu. Ukibadilika, naye anabadilika papo hapo, na hapo mtu anaanza kujielewa.

Sisi hatupandishi mtu juu ya farasi. Kupanda kuna historia yake nzuri: Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimlemaza miguu, alipata medali ya fedha kwenye Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na mfano wake uliwatia moyo wengi kutumia farasi kwa matibabu. Lakini kwa majeraha ya moyo tunafuata njia ya kubaki chini, bila kupanda, inayofanana na ile ya shirika la EAGALA lililoanzishwa Marekani mwaka 1999: mtaalamu wa saikolojia na mtu anayewajua farasi wako pamoja uani, na anayetafuta nafuu anatembea, anapiga burashi, anaongoza farasi kwa kamba, au anakaa tu. Wanaotumia dawa za hospitali wanaendelea nazo. Hilo tunalisimamia kwa ukali.

Wapo waliotuuliza, na wana haki: watu wanakosa bukari (ugali), ninyi mnahangaikia farasi? Chakula cha farasi hawa kinatoka kwa mwenye shamba. Hatujawahi kuchukua hata kilo moja ya unga wa wahitaji. Lakini nimeona pia mtoto aliyeletewa sahani iliyojaa akashindwa kumeza. Mvulana wa miaka 11 tuliye naye alikuwa akikojoa kitandani na kupiga wenzake. Sasa kila Jumamosi ndiye anayesafisha kwato. Anauegemeza mguu ule mzito kwenye paja lake, anachokonoa udongo taratibu, na ananong'ona maneno ambayo hatumwombi ayarudie.

Sasa mvua inakaribia, na hofu yetu ndiyo hiyo. Mvua huleta usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, na usubi huambukiza ugonjwa unaoua farasi wengi kwa siku chache: homa, kuhema, povu puani. Tiba yake haipo. Kinga ni chanjo, na kuwaingiza farasi ndani kabla jua halijazama mpaka kupambazuke, kwa sababu usubi huuma usiku. Banda la pale lina kuta mbili tu na bati lililotoboka.

Fundi amehesabu dola 1,150 kwa mabati, mbao na wavu wa matundu madogo. Chanjo na mtu wa kukata kwato ni dola 210. Basi la kukodi ni dola 40 kila Jumamosi, kwa Jumamosi 12 dola 480. Mwanasaikolojia anajitolea, tunamlipia usafiri tu, dola 120. Jumla ni dola 1,960. Akina mama wamekwisha kukusanya dola 615 kwa kuuza maandazi na sabuni. Zimebaki dola 1,345.

Toa ulichonacho, frangi au dola. Mwenye mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, misumari, au basi linalolala Jumamosi, tunamhitaji vilevile. Michango inapokelewa ofisi ya parokia na baada ya misa zote mbili za Jumapili. Kila mtu atapewa risiti, na hesabu tutaibandika mlangoni mwa kanisa kila mwisho wa mwezi. Mlio mbali, tumeni kwa ndugu yenu aliye hapa, naye ataleta.

Kazi ya banda inaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Basi litaondoka mbele ya kanisa saa moja na nusu asubuhi. Mwenye nyundo aje nayo. Mama wa makala ameahidi kupika.